Mstari wa Mvua

Machi 2

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ni aproni ya Mama, ile ya mistari yenye doa la mafuta tumboni. Mama aliteleza kwenye ngazi za stoo akiwa amekumbatia nusu gunia la unga. Gunia aliliokoa, mkono akauvunja. Sasa mkono wa kulia umo ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko, na tanuri la nyumba hii halijui habari ya kupumzika. "Njoo wiki moja tu, mwanangu," alisema kwenye simu. Hiyo wiki imekwisha zamani. Nimeanza kuandika haya kwa sababu humu ndani hakuna wa kumlalamikia ambaye si ndugu yangu.

Kazi yangu mimi ni kuwatoa watu waliokwama kwenye lifti. Nikifika, kabla sijagusa kitu, huita kwa sauti kubwa: "Mko wangapi humo ndani?" Ukijua idadi unajua uzito, na ukijua uzito unajua pa kuanzia. Halafu nawakataza wasiusukume mlango, kwa sababu mlango unaosukumwa kwa pupa ndio unaokwama kabisa. Wananijibu kwa matusi. Nimeanza kuwaelewa.

Machi 3

Mvua imeanza. Mkate haukuumuka.

Machi 5

Leo nimezisoma karatasi zote, tangu ya kwanza. Zinaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya kukandia, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi wa gunia. Mama yake Babu aliandika kwa wino wa zambarau, herufi zimelala upande mmoja. Bibi, mzaa baba, aliongeza yake kwa penseli, na alivyokuwa akikandamiza, karatasi imetoboka mahali pawili. Mama yupo pembezoni kwa kalamu ya bluu, herufi ndogondogo kama za mtu anayeomba radhi.

Mimi nimezoea vitabu vya mashine: kaza hapa, legeza pale, usizidishe. Hapa nimeandikiwa "maji kiasi cha kutosha." Kutosha nini? Sukari: "usiwe mchoyo, lakini usiwe mjinga." Na muda wa kuoka je? "Oka mpaka jirani aulize." Nilimwuliza Mama hilo la mwisho lina maana gani. Akasema lina maana hiyohiyo: harufu ikivuka barabara na jirani akauliza kama tayari, basi tayari. Nimecheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nije.

Kucheka kuliisha nilipofika kwenye nafasi tupu chini ya mwandiko wa Mama. Naijua kanuni ya nyumba hii tangu utotoni. Anayeongeza mstari kwenye karatasi hizi ametia mkono, na aliyetia mkono haondoi mguu. Tanuri ni lake mpaka mtu mwingine atie mkono. Wote watatu walikuwa wake walioletwa na wana wa nyumba. Mama aliandika akiwa na mwaka mmoja wa ndoa, mstari mmoja tu kuhusu chumvi, na tangu siku hiyo hajalala nje ya nyumba hii ila alipokwenda kunizaa. Baba, Mungu amrehemu, hakupata mtoto wa kiume wa kuleta mke. Nipo mimi. Kwa hiyo ile nafasi tupu inanitazama, nami naitazama.

Machi 8

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya mkabala amerudisha mkate. Huyu mzee ananunua mkate wetu tangu mimi sijaota meno. Aliuweka kwenye kaunta, akaugonga kwa kidole, ko ko ko, akatega sikio.

"Naona wenyewe hawapo," akasema.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi ni dada wa marehemu Baba. Alifiwa na mume akarudi kwao, na kazi yake ni kukaa kwenye stuli ya kaunta, kuuza, kurudisha chenji na kunitafutia makosa. Daima ana kikombe cha bati chenye maji baridi ambacho hukishika kwa mikono miwili na wala hayanywi. Alipomrudishia Mwalimu hela zake, yule mzee akazipuliza.

"Bibie, hizi unazikaanga kwanza?"

"Nakuhurumia, mzee. Kwenu hakuna mwingine wa kukupasha moto."

Mimi sikuona cha kuchekesha. Mwalimu alivuka barabara akaingia duka la taa nyingi, lile jipya, akatoka na mkate uliofungwa kwa nailoni.

Jioni nilimbana Mama. Akakiri kwamba mkate wake huwa hivi kila masika. Watu husema Bibi aliuweza, yeye hajawahi, na karatasi hazisemi kitu kuhusu mvua. Zamani wateja waliuvumilia kwa sababu hapakuwa na duka jingine. "Labda wewe utaujua," akasema, akatazama msumari. Nikajifanya naosha beseni.

Machi 9

Mvua. Tofali.

Machi 10

Mvua. Tofali. Mwalimu amepita bila kugeuza shingo.

Machi 12

Nimepunguza maji. Nimeukausha unga kando ya tanuri. Nimezidisha hamira, mkate ukanuka pombe. Nimelifunika donge kwa blanketi langu mwenyewe, nikalala kwa baridi, na asubuhi lilikuwa limekaa vilevile, bapa, halina habari nami.

Shangazi alikuja jikoni kuchukua treya. Anaruhusiwa kufika mpaka mlangoni tu, na hilo nimelizoea tangu utotoni kiasi kwamba sijawahi kujiuliza. Alinyoosha mkono kunisogezea siagi na Mama akaruka kutoka kwenye kiti kama ameona nyoka.

"Wifi! Siagi!"

"Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Utaiyeyusha, wifi. Unajijua."

Ni kweli, Shangazi akishika siagi inakuwa mafuta. Aliurudisha mkono, akakumbatia kikombe chake, akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

"Na wewe, unaogopa nini kuandika? Tanuri la mama yangu halizimwi nikiwa hai. Andika tujue moja."

"Niandike nini, Shangazi? Kwamba nimeshindwa?"

"Andika hata kwamba beseni lina ufa."

Namchukia. Nimeliandika, na lifutike baadaye likitaka. Anakaa pale kama askari wa gereza, hana anachofanya, anahesabu tu ni lini nitasaini kifungo changu.

Machi 15

Msimamizi wangu amepiga simu. Nyuma yake nilisikia mashine na mtu anayegongagonga chuma, na moyo ukaniuma kwa hamu.

"Maji yanaingia kwenye mashimo ya lifti kila jengo. Nina mafundi wawili na mmoja anaumwa. Nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo sitaweza, dada yangu, nitampa mwingine."

Nilimwambia nitarudi. Mama alikuwa nyuma ya pazia la stoo, najua, niliona ndala zake. Hakutoka mpaka nilipomaliza, halafu akatoka akiimba ili nijue hakusikia.

Machi 16

Mvua.

Machi 18

Mama ameniuliza kama kule ninapoishi kuna dirisha. Nikamwambia yapo mawili. "Unaona nini?" Nikamwambia naona paa la jengo la jirani na matangi ya maji. Akaitikia kama nimemweleza ufuo.

Machi 21

Daktari amekata plasta. Mkono ulitoka mwembamba, ngozi imepauka. Alimwambia akunje ngumi. Vidole vilikwenda nusu vikasimama. Mama akavitazama, akajaribu tena huku akimtabasamia daktari kwa adabu, kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Vikasimama palepale.

"Kijiko utashika," daktari akasema. "Kalamu kwa taabu. Kukanda unga, mama, usahau."

Tulipofika nyumbani aliingia jikoni, akafungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akatoa kalamu ya bluu, akaiweka mezani chini ya karatasi. Hakunilazimisha. Angenilazimisha ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Alikwenda chumbani akafunga mlango taratibu, na mimi nikabaki na ile kalamu.

Nahisi kuta. Nasema kweli, leo nimezihisi kuta.

Machi 22

Nimetoroka. Natumia neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Alfajiri Mama alikuwa anawasha kuni kwa mkono mmoja, nami nikapita uani na begi langu kama mwizi wa kuku. Nilifika kituoni nimelowa. Nikakata tiketi, nikakaa, nikahisi mabega yananishuka. Halafu dereva akapanda, akavua kofia, akatutangazia kwamba mto umekula barabara baada ya daraja na hakuna gari litakalotoka leo.

Watu walilalamika. Mimi nilicheka, na mama mmoja akahama kiti.

Nilirudi na begi langu mchana. Juu ya tanuri, mahali pakavu, nilikuta nguo zangu nilizoziacha zimekunjwa na taulo juu yake. Mama alijua tangu nilipofungua mlango. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Afadhali wangenitukana.

Machi 23

Mvua. Barabara bado.

Machi 24

Mvua. Nimeishika kalamu. Nimeirudisha.

Machi 26

Lazima niandike yote vizuri kabla hayajanitoka.

Asubuhi paa la jikoni lilianza kuvuja juu ya beseni la donge, tone baada ya tone, katikati kabisa. Nikalisogeza kushoto, likavuja kushoto. Mama alikuwa amelala, mkono ulimkesheza usiku. Nikalibeba beseni mpaka dukani, kaunta imejaa treya, sakafu ina maji. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, mapajani kwa Shangazi.

"Nishikie," nikamwambia. "Ukumbatie tu beseni. Ndani usiguse."

"Nani agusaye!" akasema kwa kiburi. Mwalimu alikuwa amejikinga mvua mlangoni kwetu, wakaendelea kusutana kuhusu nani kati yao ana goti bovu zaidi.

Nilipanda juu na kipande cha bati na misumari. Hiyo kazi naiweza, nilichukua muda wangu, na kule juu, kwenye mvua, peke yangu, nilikuwa na furaha. Niliposhuka nikakuta kitambaa cha beseni kimevimba. Nilidhani upepo. Nikakifunua. Donge lilikuwa limeumuka mpaka ukingoni, laini, limejaa, na pale alipoegemeza viganja ndipo lilipopanda zaidi.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!" Alisimama, akaficha mikono nyuma ya mgongo. Mwanamke mwenye wajukuu. "Sijagusa, haki ya Mungu! Mwalimu, si ulikuwepo? Mwambie!"

"Hakugusa," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo asilopaswa kuliona, akafungua mwavuli akaondoka.

Mimi nilikuwa natazama zile hela za moto. Siagi. Kikombe cha maji baridi. Nilikuwa navitazama tangu nije na sikuwa nimeona hata kimoja.

"Nipe mikono yako," nikasema.

Alikataa, halafu akanipa. Ilikuwa inaunguza kama ya mtu mwenye homa. Nilipoishika ndipo akaanza kusema, tena bila kunitazama, akiiambia kaunta. Kwamba alipokuwa msichana, mvua ikianza Bibi alimwamsha kabla ya wote: njoo ukande, donge limegoma. Akakanda masika yote, kila mwaka. Jua likirudi, mikono yake ikaharibu siagi na kuchachusha donge kabla ya wakati, Bibi akamtoa nje: nenda dukani, una mikono ya moto. Karatasi hakuruhusiwa kuzigusa, kwa sababu binti ni wa kuolewa, mkono wake utakwenda kwa watu. Siku ya harusi yake Bibi alimwambia asiguse tena unga wa nyumba hii.

"Nikaapa sitaugusa mpaka niombwe," akasema. "Nikarudi mjane. Nikakaa kwenye stuli. Nikangoja kuombwa."

"Masika mangapi, Shangazi?"

"Yote."

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia. Sijui amesikia kuanzia wapi. Uso wake ulikuwa umejikunja kwa hasira, nami sijawahi kumwona Mama na hasira.

"Wifi. Miaka yote hii nauza matofali, naaibika mbele za watu, na wewe umekaa hapo umekunja mikono?"

"Hukuniomba."

"Mkwe wangu aliniambia kwa kinywa chake, kitandani, akiwa mgonjwa: usimruhusu wifi yako aguse unga. Ningevunja neno la mkwe?"

"Alikwambia lini?"

Mama akafungua mdomo. Akafikiri. "Kiangazi," akasema.

Wakatazamana. Neno la kiangazi kimoja, na Mama amelishika mvua na jua tangu Bibi azikwe. Nilidhani watapigana. Shangazi ndiye aliyeanza kulia, halafu Mama akamfuata, na mimi katikati na beseni, nikiogopa donge lisije likanywea.

Watu wakikwama, swali la kwanza ni mko wangapi humo ndani. Naliuliza kila siku ya kazi. Hapa sikuuliza. Nilihesabu mtu mmoja, nikasukuma mlango.

Machi 27

Shangazi amekanda. Mama alimwomba kwa maneno, nilisisitiza ayatamke, na Shangazi akamfanya ayarudie mara ya pili, "sikusikia vizuri." Nilikuwa naupa moto kuni wakati mtu alipoita kutoka ng'ambo ya barabara:

"Jamani! Tayari?"

Alikuwa Mwalimu, amesimama mlangoni kwake akiwa na soksi tu. Nikautoa mkate palepale. Alivuka barabara akaugonga pale kaunta. Haukutoa sauti yoyote. Akaugonga tena, akausogeza sikioni, akamtazama Shangazi.

"Wamerudi wenyewe," akasema.

Machi 28

Shangazi hataki kuandika. Nilimwekea kalamu mkononi akaitupa kama kaa la moto. "Mama yangu atafufuka. Mimi ni binti, mimi si mke wa mtu humu." Nikamwambia na mimi ni binti. "Wewe huna mikono," akajibu. Nikamwuliza, kiangazi je? Hilo alilicheka. "Nitaitia mikono kwenye maji baridi kwanza, si kikombe hiki hapa? Kama mama yangu angenipa hata beseni moja la maji…"

Machi 29

Mvua nyepesi. Barabara imefunguliwa, magari madogo tu. Kesho kutwa ni mwisho wa mwezi. Kama hakuna atakayeandika, tanuri halina mwenyewe, na Mama hatanizuia, lakini nitaondoka nikijua hilo. Usiku nimeizungusha kalamu vidoleni. Ningeweza kuandika mimi, mstari mmoja tu, ili haya yaishe. Mama naye aliandika mstari mmoja tu.

Machi 30

Sijasukuma. Nimeiacha kalamu kwenye kaunta, karibu na kikombe chake cha bati, nikaenda kupanga kuni. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kumtoa mwanamume aliyekwama na piano.

Machi 31

Nimeamka nikakuta moto unawaka na Shangazi anakanda, amenipa mgongo. Kalamu haikuwa pale nilipoiacha. Nikasogea kwenye msumari. Chini ya mstari wa chumvi, kwa herufi kubwa zisizolingana, za mtu ambaye hajaandika siku nyingi, na kidole cha unga kimepita juu ya wino:

"Wakati wa mvua akande mwenye mikono ya moto. Alikuwepo siku zote."

Mama alikuja akausoma kwa sauti, polepole. Akausoma tena kimyakimya. Akaupandisha ule mkono mbovu akaligusa neno la mwisho.

"Wifi, umekosea," akasema. "Hukuandika maji kiasi gani."

"Kiasi cha kutosha," Shangazi akajibu, wala hakugeuka.

Aprili 1

Nilimpigia msimamizi jana jioni. "Kesho uwe hapa," akasema, na kumbe hilo ndilo nililolililia mwezi mzima.

Nilivua aproni. Nilidhani Mama angeishika, angeigeuzageuza, angesema wiki moja tu. Aliichukua akamfunga Shangazi kiunoni, kwa mkono mmoja na meno. Shangazi akanipa mkate umefungwa kwa kitambaa, akaniambia nisiwe mchoyo, lakini nisiwe mjinga. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Ukiacha safari ya hospitali, hajafika hapo siku nyingi, alikuwa anatazama huku na huku.

"Nikija huko kwako, utanipandisha hiyo lifti?"

"Nitakupandisha mpaka juu."

"Na ikikwama?"

"Nitakuja kukutoa, Mama."

"Haya. Nenda, utachelewa."

Nenda, utachelewa. Niligeuka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshaingia ndani, na mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, na nyuma yake nilisikia wanacheka mawifi wawili. Hakuna aliyenizuia. Liliniuma hilo, nakiri, liliniuma kuliko plasta na kalamu na kuta zote.

Gari lilipovuka daraja simu ililia. Msimamizi. "Uko wapi?"

"Niko nje," nikamwambia.

Akauliza nje wapi. Sikuweza kumjibu, nilikuwa nalia, na mkate ulikuwa bado wa moto mapajani.